Haifai Kumwita Mtoto kwa Ila ya Mwili Wake

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kumpa umbo alilolitaka Yeye; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Baadhi ya wanafunzi wa darsa letu wametuuliza swali ambalo jibu lake lahitajiwa katika kila nyumba na kila duksi, tangu Garissa mpaka Wajir na Mandera. Wamesema: "Watoto wetu huitwa kwa miili yao. Mwembamba huitwa Caato, mnene huitwa Buuran au Kibonge, mfupi huitwa Gaab, na mwenye kuchechemea huitwa Kiguru. Wazazi huwaita hivyo, na walimu huwaita hivyo, wala hapana aonaye vibaya. Je, jambo hili lafaa katika dini?"

Jibu letu kwa ufupi ni kuwa halifai kwa mtoto, hata ikiwa watu wazima wamelizoea baina yao. Ama jibu kwa urefu ni hili linalofuata, nasi twamuomba msomaji alisome lote kabla ya kulikubali au kulikataa.

ADA YENYEWE

Yatupasa kwanza tuieleze ada hii kwa insafu, kwani mwenye kuikosoa ada asiyoijua hasikizwi. Wasomali huyaita majina haya naanays, na sababu yake i wazi. Majina yetu ni machache na watu ni wengi. Simama katika soko la mifugo la Garissa siku ya mnada uite "Mohamed Abdi!", utaona watu wangapi watageuka. Mtu hutajwa kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake, na huenda bado akafanana na mwenziwe. Basi watu wakaongeza alama iliyo mbele ya macho: urefu au ufupi, jicho, mguu au mkono.

Wala si watu wanyonge tu walioitwa hivyo. Imamu Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi, aliyepigana na wafalme wa Uhabeshi na kuuawa vitani mwaka 1543, Wasomali humwita mpaka leo Ahmed Gurey, na maana ya Gurey ni mtu atumiaye mkono wa kushoto. Hata Wahabeshi, waliokuwa maadui zake, walimwita kwa maana hiyo hiyo katika lugha yao. Jina hilo halikumpunguzia cheo chake.

Basi mwenye kuitetea ada hii ana hoja, wala hatuikatai yote. Lakini hoja hiyo ni ya mtu mzima aliyekwisha kujulikana kwa vitendo vyake, na jina likamfuata nyuma. Mtoto hana vitendo bado. Kwake yeye jina ndilo linalotangulia, na vitendo vyake vyafuata njia iliyochorwa na jina.

HUKUMU YA SHERIA

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika aya ya 11 ya Suratul Hujurat, kuchekana, na kutiana aibu, na kuitana kwa majina ya kuchukiza, na akaliita jambo hilo ufasiki baada ya imani. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Bibi Aisha (r.a.) alimtaja Bibi Safiya (r.a.) kwa ufupi wa kimo chake. Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa neno hilo moja, lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Tazama, ewe msomaji: neno lenyewe halikuwa uwongo, kwani Bibi Safiya alikuwa mfupi kweli. Basi asiseme mtu, "Mimi nimesema kweli tu." Kweli ya mwili wa mtu si ruhusa ya kumvunjia heshima.

Mwenye elimu atauliza: "Mbona wapokezi wa hadithi wenyewe wametajwa kwa ila zao? Yuko al-A'mash, yaani mwenye udhaifu wa macho, na yuko al-A'raj, yaani mwenye kuchechemea." Hoja hii ni ya kweli, na Imamu an-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameijibu. Alipozihesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa jambo analolichukia, aliweka miongoni mwake kumtambulisha mtu kwa lakabu aliyokwisha kujulikana kwayo. Lakini alilifunga jambo hilo kwa masharti: isikusudiwe kumpunguza, kwani hapo huwa haramu, na ikiwezekana kumtambulisha kwa jina jingine, basi hilo ni bora zaidi.

Sasa mtie mtoto wa duksi katika mizani hiyo. Je, pana haja? Hapana, kwani ana baba, ana babu, ana mtaa na ana ndugu. Je, kusudio ni kutambulisha? Aghlabu sivyo, kwani majina mengi ya watoto huzaliwa katika kicheko, na mtu hatambulishwi kwa kuchekwa. Je, ameridhia? Hapa ndipo penye fundo la mas-ala yetu. Watu husema, "Mbona mwenyewe acheka? Mbona aitika?" Sisi twasema: ridhaa ya mtoto si ridhaa. Sheria haikubali mtoto auze mali yake, wala asamehe deni lake, kwa kuwa hajajua thamani ya anachokitoa. Itakuwaje basi tukubali asamehe heshima yake, nayo ni kubwa kuliko mbuzi na ngamia? Mtoto huitika jina baya kwa kuwa hana la kufanya, na hucheka pamoja na wenziwe ili asibaki peke yake.

Atatokea mwingine aseme: "Mtume (s.a.w.) alimtania Anas, naye ni kijana mdogo, akamwita mwenye masikio mawili." Naam, imepokewa hivyo. Lakini kila mtu ana masikio mawili. Hapana ila hapo. Wanavyuoni wamesema kuwa ndani ya mzaha huo mna sifa, kwani masikio ni ya kusikilizia, na Anas alikuwa msikivu. Na mtoto mwingine, nduguye Anas kwa mama, Mtume (s.a.w.) alimwita Abu Umair, akamliwaza kwa habari ya kidege chake kilichokufa. Huo ndio utani wa Mtume kwa watoto: humpandisha mtoto, haumshushi. Na akisema mtu kuwa Qur'ani yenyewe, katika Suratu Abasa, imemtaja Ibn Ummi Maktum kwa upofu wake, ajue kuwa wafasiri wameeleza kuwa kutajwa huko ni kumpa udhuru: aliyakata maneno ya Mtume kwa kuwa hakuona kuwa ana shughuli. Qur'ani iliutaja upofu ili kumtetea, wala haikuutaja ili kumcheka.

JINA HUFUNGA MACHO YA WAZAZI

Haya tuliyoyataja ni dhambi ya ulimi. Lakini katika nchi yetu hii pana madhara mengine ambayo watu wachache huyatambua, nayo ni kwamba jina hugeuza maradhi yakawa sifa. Mtoto akishaitwa kwa wembamba wake, wembamba huo haumshangazi mtu tena, husemwa, "Huyo ndivyo alivyo." Na jambo lisiloshangaza halitibiwi.

Tutazame wembamba. Mtoto wa badia hulelewa kwa maziwa. Wakati wa kiangazi kikali wanaume huhama na ngamia na ng'ombe kufuata malisho ya mbali, na maziwa huhama pamoja nao. Mama na wadogo hubaki na chai na unga. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea mpaka mapema mwaka 2023, mvua za misimu mitano zilikosekana kwa mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Mtoto aliyekonda katika siku zile hakuwa na "umbo jembamba". Alikuwa na njaa. Kumwita Caato ni kuicheka njaa yake.

Na kujua kama wembamba ni umbo au ni maradhi si jambo la kubahatisha. Wahudumu wa afya wana kanda ndogo ya rangi tatu, hufungwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 mpaka 59. Ikiwa mzunguko wa mkono ni chini ya sentimita 11.5, kanda huonyesha nyekundu, na mtoto yumo hatarini na ahitaji matibabu upesi. Ikiwa ni kati ya 11.5 na 12.5, huonyesha manjano, na mtoto ana upungufu unaohitaji chakula cha nyongeza na uangalizi. Zaidi ya hapo ni kijani. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja. Basi ni ajabu gani kwa nyumba iliyopata wasaa wa kumtungia mtoto jina la wembamba, ikakosa dakika ya kumpima mkono!

Ama unene, una hatari mbili. Ya kwanza ni unene usiokuwa unene. Mtoto mwenye kwashakoo hufura miguu yote miwili, na pengine uso, na mtu asiyejua huona mashavu yamejaa akafurahi. Dalili yake ni hii: bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda mfupi, kisha inua kidole; shimo likibaki, huo ni uvimbe wala si nyama, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyekwisha kumwita mwanawe Buuran na kufurahia jina hilo aweza kuuona uvimbe huo na kuudhania ni neema.

Hatari ya pili ni unene wa kweli wa watoto wa mjini. Chai yenye sukari nyingi, soda, biskuti, pasta na wali kila siku, kisha kukaa ndani mbele ya runinga na simu, hayo ndiyo yanayouleta. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate angalau dakika 60 za harakati kwa siku. Lakini huyu aliyeitwa Kibonge hatazipata, kwani uwanja ndipo mahali anapochekwa. Akikimbia huchekwa, akianguka huchekwa, akishindwa huambiwa ni kwa ajili ya mwili wake. Basi huukimbia uwanja, na mwili huzidi. Wale waliomcheka wapate kumpunguza wamemuongeza. Na mabinti wana msiba wa pande mbili: akiwa mwembamba huambiwa hataolewa, na akitaka kucheza apate nguvu huambiwa michezo si ya wasichana.

Ama mwenye ila ya mguu, habari yake yaumiza zaidi. Miongoni mwa maradhi yanayolemaza watoto ni polio. Haina dawa ya kuiponya baada ya kupooza, lakini ina chanjo ya kuizuia, nayo ni matone machache mdomoni. Mwaka 2013 polio ilirudi katika jimbo letu hili, ikazuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab na majirani zake, na watu 14 nchini Kenya wakathibitishwa kuwa nayo. Mzazi aliyefunga mlango wake siku ya chanjo, kisha mwanawe akapooza, kisha akanyamaza watu wakimwita Kiguru, amemdhulumu mara mbili: kwanza mguu wake, kisha jina lake.

MWENENDO WA MTUME KATIKA MIILI YA WATU

Sasa tumtazame Mtume wetu (s.a.w.), tuone alivyoupima mwili wa mtu.

Abdullahi bin Mas'ud (r.a.) alikuwa mwembamba wa miguu. Siku moja upepo uliifunua miundi yake alipokuwa akikata miswaki, na masahaba waliokuwapo wakacheka. Mtume akawauliza wanachekea nini; walipomjibu, akaapa kuwa miundi ile katika mizani ya Akhera ni mizito kuliko jabali la Uhud. Huyu Ibn Mas'ud ndiye mmoja wa wanne ambao Mtume aliwaamuru watu wachukue Qur'ani kwao. Mwalimu wa duksi amcheka mwanafunzi mwembamba, naye asoma Qur'ani iliyopokewa kwa mtu mwembamba!

Zahir alikuwa mtu wa badia, wala hakuwa na sura ya kupendeza. Mtume (s.a.w.) alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma na kutania kuwa yuko mtumwa wa kuuzwa. Zahir akajibu kuwa bei yake itakuwa hafifu. Mtume akamwambia kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si hafifu, bali ana thamani kubwa. Zingatia kuwa Zahir mwenyewe ndiye aliyekwisha kujidharau, na Mtume hakumwacha katika dharau hiyo. Mtoto aliyezoezwa jina baya naye hujidharau hivyo hivyo, na yahitaji mtu wa kumwambia kinyume chake.

Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume alipokuwa mwembamba, akamshinda. Miaka ikapita, akapata mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akacheka na kusema kuwa wamelipana. Hakumwita mnene wala hakumzuia kukimbia. Ndani ya kisa hiki mna mafunzo mawili: mwili hubadilika, na mbio si haramu kwa mwanamke mwenye kuhifadhi sitara yake.

Na katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, vijana walioonekana wadogo walirudishwa. Rafii bin Khadij akaruhusiwa kwa kuwa alijua kutupa mishale. Samura bin Jundub aliyerudishwa akasema kuwa yeye humwangusha Rafii katika mieleka. Wakaachwa wapambane, akamwangusha, naye akaruhusiwa. Mtume (s.a.w.) hakuwahukumu kwa kimo chao tu, bali aliwapa nafasi ya kuonyesha wanachokiweza. Na Ibn Ummi Maktum tuliyemtaja, pamoja na upofu wake, aliadhini, na Mtume alipotoka kwenda safari alimwacha zaidi ya mara moja kuwa naibu wake mjini Madina. Mwenyezi Mungu amewaondolea wagonjwa, na vipofu, na wenye kuchechemea lawama ya lile wasiloliweza. Hakuwaondolea heshima, wala hakuwaondolea haki ya kufundishwa na kupewa kazi wanayoiweza.

Na sheria ya nchi katika jambo hili imelingana na sheria ya dini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, yasema kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni aibu kwetu kuwa haki hii aidai wakili mahakamani, nayo imo katika sura tunayowahifadhisha watoto wetu.

LA KUFANYA

Tusimalize kwa kulaumu tu. Haya ndiyo tunayoyausia:

1. Mwalimu wa duksi na mwalimu wa skuli na aanze yeye. Akiwa na akina Mohamed watano, awaite kwa baba na babu zao, au kwa mtaa wao, au kwa sura waliyofikia: "Mohamed wa Yasin", "Mohamed wa Tabaraka". Jina la namna hii humtambulisha mtoto na kumtia hamu ya kusonga mbele, na hubadilika kila anapopanda daraja.

2. Mzazi asikubali jina la ila kuingia nyumbani kwake, hata likitoka kwa bibi au mjomba kwa mapenzi. Awaambie wakubwa kwa adabu: "Mwanangu ana jina, tulimchinjia akika tukampa." Na akitaka kumpendeza mwanawe, ampe kuniya njema kama Mtume alivyompa Abu Umair.

3. Penye wembamba au unene, mtoto apimwe. Apelekwe kwa mhudumu wa afya au kituo kilicho karibu, na ushauri atakaopewa mzazi ufuatwe. Na siku ya chanjo mlango usifungwe.

4. Watoto wote wapewe nafasi ya kucheza, wa kiume na wa kike, mnene na mwembamba. Mwenye kuchechemea asifanywe mtazamaji siku zote. Atafutiwe mchezo anaouweza, kama kutupa na kudaka mpira, au ahesabu mabao, au awe mwamuzi.

5. Mtoto anayewacheka wenziwe aelezwe kwa upole, asipigwe. Kwani aghlabu ameyasikia maneno hayo kwetu.

6. Mtu mzima aliyeishi na lakabu yake naye ameiridhia, hatumlazimishi kuiacha. Lakini na aulizwe faraghani alionaje alipokuwa na umri wa miaka saba. Huenda jibu lake likawa darsa bora kuliko hili letu.

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiyabadilisha majina mabaya kwa mazuri. Alimtaka babu yake Said bin al-Musayyab, aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, ajiite Sahl, yaani wepesi. Akakataa, akisema kuwa hatabadilisha jina alilopewa na baba yake. Said akaeleza baadaye kuwa ugumu ule haukuacha kuwa katika ukoo wao. Ikiwa jina alilolishikilia mtu mzima kwa hiari yake liliacha alama mpaka kwa wajukuu, basi jina analovikwa mtoto asiyekuwa na hiari litaacha nini?

Mwili wa mtoto ni amana. Yatupasa tuulishe, tuukinge na maradhi, tuuzoeze nguvu, na tuufunike kwa jina jema. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuihifadhi amana hiyo, na azitakase ndimi zetu na ndimi za watoto wetu. Amin. Wallahu a'lam.